Kutu Kwenye Tumbo la Chombo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sitaki mtu anihurumie kwa hilo. Muuza nyanya akinijazia fungu vizuri kupita kiasi, nazigeuza zote nizione za chini. Mume wangu akiniuliza nimeshindaje kwa sauti tamu, namuuliza amevunja nini. Kwa hiyo siku niliyofungua boksi langu kazini nikakuta chombo changu cha anga kimeguswa, sikuhitaji ushahidi. Nilijua ni nani.

Lakini ngoja nieleze kwanza mtu mzima, mama wa watoto wawili, alikuwa na chombo cha anga cha nini pale kazini.

Kazi yangu ni kutengeneza maketi, yaani zile nyumba ndogo za mezani ambazo wachora ramani huwaonyesha wateja kabla hata ya msingi kuchimbwa. Ofisi yetu iko mtaa wa Muhima, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba. Kwa miaka mingi nimekata, nimebandika na nimepiga msasa, na kila nilichotengeneza kilikuwa cheupe. Ndivyo wateja wanavyotaka: nyumba nyeupe, miti nyeupe, na kijitu cheupe chenye urefu wa ukucha kimesimama mlangoni kama hakina shida yoyote duniani. Rangi sikuwa naijua. Sikuwahi kuihitaji.

Halafu ikaja kazi ya Kinyinya. Mteja alitaka mlima mzima juu ya meza moja: upande huu mtaa ulivyo leo, na mabati yake ya kutu, kuta za udongo, na vumbi la malori ya ujenzi, upande ule mtaa utakavyokuwa. Bosi akatuita wawili tuliokuwa kwenye meza ya maketi, akatuambia wazi, "Atakayenionyesha kutu nikaiamini, huyo ndiye ataiongoza kazi. Mnaleta Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao." Mwaka huo kazi zilikuwa chache. Sikuhitaji kuambiwa kwamba asiyeongoza ndiye atakayeonyeshwa mlango kwanza.

Mwenzangu mezani alikuwa mzee mmoja aliyekuja miezi minne kabla. Alikulia Bujumbura, akawa fundi makabati maisha yake yote, mwenye mvi na mikono mipana. Kabla ya kushika kisu hufanya ishara ya msalaba. Kiswahili chake ni kile cha huko, kila kitu ni "iko", na mimi niliyekulia Bukoba nilikuwa namcheka, wakati mwingine mbele ya wageni. Yeye naye alikuwa anacheka. Hilo lenyewe nililishuku. Mtu anayecheka akichekwa ana lake jambo.

Sasa, kutu unajifunzia wapi? Ukijifunzia kwenye nyumba, umeumbuka, maana nyumba kila mtu anaijua, na bati bovu la maketi hata mtoto atakuambia si bati. Nilitafuta video kwenye simu, nikampata bwana mmoja wa nchi ya baridi aliyevaa sweta mbili, akasema jambo lililonikaa kichwani: anayeanza aanze na vyombo vya kubuni, vya kwenda kwenye sayari ambazo hazipo. Hakuna mtu aliyewahi kuviona, kwa hiyo hakuna atakayesema umekosea. Unajaribu rangi, unajaribu moshi, unajaribu mikwaruzo, unaharibu, unaanza upya, na ni mkono wako tu unaojifunza.

Nikaanza. Mwili wa chombo niliutoa kwenye chupa mbili za losheni, nikazipasua kwa urefu na kuzibandika upya zikawa kitu kipana, bapa, chenye pua. Injini zilikuwa vikopo vya maziwa ya mgando. Mabomba yalikuwa mirija ya kalamu. Ngozi ya nje, yale mabamba madogo madogo yanayokifanya kionekane kikubwa, niliikata kwenye plastiki nyeupe ya ofisi. Mwanzoni nilichukua makombo, yale ambayo hata hivyo yangetupwa. Makombo yakaisha. Nchi yenyewe ndiyo hii, mfuko wa plastiki ni marufuku, wananyang'anya watu mpakani, plastiki nzuri ya kukatia utaiokota wapi? Nikachukua bapa moja zima kabatini. Halafu la pili. La tatu nililipeleka nyumbani, nikaliweka nyuma ya kitanda. Nilijiambia nitarudisha, na nilijiambia kwa sauti ya upole sana, sauti ambayo kwa mtu mwingine ningeishuku.

Chombo nilikiacha kazini ndani ya boksi chini ya meza, kwa sababu nyumbani watoto wangekirusha dirishani kuona kama kinapaa. Jioni, watu wakishaondoka, nilikuwa nakipaka rangi kwa saa moja hivi kabla jua halijazama. Na kutu yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa rojo ya nyanya. Nikiweka nyingi, ni rojo. Nikiweka kidogo, ni rojo iliyomwagika.

Mzee alikiona siku moja alipokuwa anachelewa kutoka.

"Mama, hii kitu inaruka?"

"Hairuki, mzee."

"Sasa inafanya nini?"

"Inanifundisha."

Akainama, akakiangalia kwa karibu mpaka nikasogeza boksi. "Kutu yako iko nyekundu sana, mama. Kutu haianzaga na nyekundu. Nikuonyeshe?"

"Wewe si fundi makabati? Kabati lina kutu wapi?"

"Bawaba," akasema. "Bawaba iko na kutu."

Nilimjibu kwamba mimi sifundishwi na fundi wa bawaba, na kwamba kilichomo kwenye boksi langu asikiguse. Akasema sawa, mama. Akasema kwa upole, na upole huo nikalala nao, nikaamka nao. Kwa nini mtu unayeshindana naye akuonyeshe? Anatafuta nini?

Wiki iliyofuata ndipo chombo kikaanza kubadilika. Ijumaa nilikuwa nimeacha ufa pale chupa mbili zilipokutana, mstari mbaya unaoonekana hata ukiwa mlangoni. Jumatatu mchana, niliporudi kutoka kula, mstari haukuwepo. Nilipitisha kidole: laini. Mtu alikuwa amepaka puti, ile wanayojazia mabonde ya magari, akaipiga msasa wa maji mpaka ikasahau kwamba ilikuwa puti. Siku mbili baadaye injini moja iliyokuwa imelala upande ilikuwa imenyooka.

Mtu mwingine angesema asante. Mimi nilisema, ehee! Anajifunzia kwenye kazi yangu. Au anataka siku ya siku, mbele ya bosi, aseme, "Hii ni mimi nilisaidia." Mume wangu nilipomweleza, alishusha simu yake, akaniangalia, akasema, "Umeanza tena." 

Nikatega. Nilichomoa unywele wangu mmoja, nikaubandika kwa mate kwenye mfuniko wa boksi, nikaenda zangu kula. Tuna kawaida, ofisi nzima, ya kushuka saa saba kwenye mkahawa wa chini, kila mtu na sahani yake ya wali, ndizi, maharage na viazi vilivyopandana. Mzee hakuwa anashuka. Alikuwa na viazi vitamu vyake ndani ya kitambaa. Niliporudi, unywele haukuwepo. Siku ya pili nikanyunyizia mfuniko vumbi la msasa ili limbakie mikononi, ujinga mtupu, maana pale kila mtu ana vumbi la msasa mpaka kwenye nyusi.

Siku ya tatu, Jumatatu, sikuhangaika na mitego. Niliacha sahani nusu, nikasema nimesahau simu, nikapanda ngazi taratibu. Mlango wetu una kioo. Nikamwona. Amekaa kwenye stuli yangu, si yake, yangu! Chombo amekilaza juu ya mapaja kichwa chini, miwani puani, brashi nyembamba ameibana kwa meno, nyingine mkononi. Viazi vyake viko pembeni havijaguswa.

Sikuingia. Laiti ningeingia, yote yangeishia pale, kwa kelele mbili tatu na kupatana.  Nilipita moja kwa moja hadi chumba cha bosi.

Nilimwambia kwamba mzee anafungua vitu vya watu saa ya chakula. Nilimwambia nimemwona kwa macho yangu. Bosi aliweka kalamu chini. "Anafungua vitu?" akauliza. "Kwa sababu kabatini kumepotea mabapa ya plastiki. Matatu. Nilikuwa nataka kuwauliza."

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Ulimi wangu uliujua ukweli, na mabapa yenyewe niliyajua moja moja yalipo. Nikasema hivi, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyotoka: "Mimi sisemi kitu, bosi. Ila saa ya chakula yeye hubaki peke yake."

Bosi alimwita. Walikaa dakika kumi, labda kumi na tano. Mzee alipotoka hakuniangalia. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza, akachukua kitambaa chake cha viazi. Mlangoni alisema, "Kazi njema, mama." Bosi akaja nyuma yake akaniambia, "Amekubali. Anasema aliyachukua yeye, ya mazoezi. Nimemwambia asirudi."

Amekubali? Amekubali nini? Mabapa mawili yalikuwa ndani ya boksi langu yamegeuka ngozi ya chombo, na la tatu lilikuwa nyuma ya kitanda changu!

Mtu mwenye akili timamu angeelewa hapo hapo. Mimi nilishuku zaidi. Nilisema huyu ananitega. Amekubali ili anishike. Atakwenda, atajipanga, atarudi na shahidi. Jumanne nzima nilisikiliza ngazi. Jumatano simu ya bosi ilipolia nilijikata kidole. Alhamisi nilichukua lile bapa la nyuma ya kitanda, nikalirudisha kabatini asubuhi kabla hajafika mtu, nikalisukuma nyuma kabisa lionekane lilidondokea huko. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyepiga. Kiti chake kilikuwa kitupu na mimi bado nilikuwa namwogopa aliyekikalia.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima kila mwisho wa mwezi. Tulifyeka mtaro wa mtaani mpaka saa tano, tukakaa kwenye mkutano, na usafi wa mtaa ulipojadiliwa mawazo yangu yalikuwa mbali. Jumatatu ilikuwa siku ya kumwonyesha bosi kutu. Kutu sikuwa nayo. Nikaoga nikaenda ofisini, nikatoa chombo, nikakitazama upande wa juu, nikaukatia tamaa, nikakigeuza nione kama tumboni kuna nafasi safi ya kujaribu mara ya mwisho.

Nafasi safi haikuwepo. Tumboni kulikuwa na viraka vinne, kila kimoja ukubwa wa sanduku la kiberiti, vimepangwa kwa mstari. Cha kwanza kilikuwa rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, imepigwapigwa kwa kitu chenye vinyweleo, nadhani sponji. Cha pili ni kahawia ile ile na juu yake hudhurungi hafifu, ila si kila mahali. Cha tatu kilikuwa na rangi ya chungwa kidogo sana, kwenye kingo tu na kwenye vichwa vya misumari. Cha nne kilikuwa na yote hayo, na mchirizi mwembamba ulioshuka kama mvua imekipitia miaka kumi. Hicho cha nne kilikuwa bati. Nilikigusa nikatazama kidole kama kimechafuka.

Nilikaa chini, kwenye stuli ile ile. Ilikuwa somo. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zimepangwa kwa mtu asiyetaka kufundishwa na fundi wa bawaba. Na kwenye kile cha nne, rangi ilikuwa haijamalizika upande mmoja. Hapo ndipo alipokuwa amefika siku ile nilipokwenda kumsema kwa bosi.

Saa ile ile nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Busanza. Aliwahi kuniambia anakaa huko, kwa dada yake, kwenye zile nyumba za ghorofa walikohamishiwa watu. Nikamuulizia kama fundi wa viti, nikaonyeshwa. Alikuwa nje kwenye ngazi, ameshika mguu wa stuli ya jirani.

Aliniona, akaendelea kupaka gundi. "Mama," akasema, "umekuja kuangalia kama niliiba kitu ingine?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani. Yote yalikwisha. Nikauliza tu, "Kwa nini ulikubali?"

"Bosi aliniuliza plastiki iko wapi. Mimi nilijua iko wapi, iko kwa chombo yako. Nikusemee?"

"Ungesema hujui!"

"Ningesema sijui, angekuita wewe." Aliufunga mguu wa stuli kwa kamba, akaukaza. "Nikafikiri, huyu mama iko na hasira, lakini hana roho mbaya. Kesho atakuja kusema mwenyewe, itaisha. Nikangoja Jumanne. Jumatano nikangoja, simu iko hapa. Alhamisi dada yangu akaniuliza, huendi kazini? Nikasema nitaitwa. Jana asubuhi nilinyoa ndevu, mama. Nilisema leo ataniita, lazima."

Nilimwangalia kidevu. Kilikuwa kimenyolewa kweli, na pembeni kulikuwa na mkato mdogo wa wembe.  Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilikuwa aibu ya kutaka kutoka ndani ya ngozi yangu nikaiache pale kwenye ngazi.

Nikamwambia nisamehe, mzee. Nikamwambia twende Jumatatu wote wawili, nitasema yote mbele yako.

"Oya," akasema, yaani hapana, akatikisa kichwa. "Ulinisema sikuwepo. Unisafishe sikuwepo."

Jumatatu nilifika mapema. Bosi alikuwa na kikombe chake cha chai. Niliweka chombo mezani, tumbo juu, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshainama. Alipita kiraka kimoja hadi kingine. Alipofika cha nne alitoa kidole akakigusa, kisha akatazama kidole. Akacheka kwa furaha.

"Nimeiamini," akasema. "Hii nimeiamini kabisa. Kazi ni yako."

Naapa sijawahi kuutamani uongo kama dakika ile. Wala haukuwa uongo wa kusema. Ulikuwa wa kunyamaza tu, na kunyamaza nilishakuzoea. Mzee alikuwa Busanza. Hakuna ambaye angejua ila yeye, na yeye, nilishamjua sasa, asingesema.

"Kutu ni ya mzee," nikasema. "Plastiki niliichukua mimi. Mabapa yote matatu. Yeye hakuchukua hata kipande."

Bosi hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alivua miwani, akaniuliza kwa nini basi nilimletea habari ya saa ya chakula. Nikasema, "Nilimshuku." Akaniuliza nilimshuku nini. Nikasema, "Upole wake." Alinyanyua simu akampigia mzee arudi, mimi nikiwa nimesimama pale pale.

Sasa mzee ndiye anayeongoza mlima wa Kinyinya. Mimi nakata mabati, yeye anayazeesha, na siku nyingine ananipa brashi, nami naanza na kahawia. Marafiki hatujawa. Ananiita mama kama zamani, ila hacheki tena nikikosoa Kiswahili chake, na nimeacha kukikosoa.

Sikufukuzwa. Bosi alitoa agizo moja tu, akaliandika na kulipeleka chini. Kila jioni, askari wa getini ananiomba mkoba. Natoa kila kitu mezani kwake: kitana, funguo, daftari la mtoto, mkate. Anapitisha mkono mpaka chini kabisa, na watu wa duka la mabomba wanatazama. Mkoba wa mzee haufunguliwi. Yeye hutangulia kutoka, halafu husimama nje ya geti, akageuzia uso barabarani mpaka nimalize kufunga zipu, kisha tunateremka wote kuelekea stendi ya Nyabugogo.